Kuzuru Visiwa vya Komoro: Mwongozo wa Msafiri

Visiwa vya Komoro viko kwenye mlango wa kaskazini wa Mlangobahari wa Msumbiji, kati ya bara la Afrika na Madagaska. Vitatu kati yake, Ngazija, Nzwani na Mwali, ndivyo Muungano wa Komoro, nchi iliyojitangazia uhuru kutoka Ufaransa tarehe 6 Julai 1975. Cha nne, Maore, kilibaki mikononi mwa Ufaransa na tangu mwaka 2011 kinahesabiwa kuwa mkoa wake kamili, ingawa serikali ya Komoro haijaacha kukidai. Kwa msafiri jambo hili si siasa tu. Viza ya Komoro haimfikishi mtu Maore. Anayetaka kwenda huko huomba ruhusa ya Ufaransa kabla ya kuondoka kwao. Vyombo vidogo viitwavyo kwasa-kwasa, vinavyovusha watu kwa siri kutoka Nzwani hadi Maore, vimezama na roho nyingi katika bahari ile ya kilomita 70 hivi, na hakuna mgeni anayepaswa kuvipanda kwa sababu yoyote.

Njia ya kawaida ya kuingia ni uwanja wa ndege wa Hahaya, kaskazini mwa Moroni, mji mkuu ulioko Ngazija. Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa saa moja na nusu hivi angani. Viza hutolewa uwanjani kwa wageni wa nchi zote. Ada yake kwa miaka mingi imekuwa yuro 30, na afadhali ilipwe taslimu, kwa noti safi zisizochanika. Maofisa huweza kuuliza tiketi ya kurudi na jina la mahali pa kulala, kwa hiyo karatasi hizo zikae mkononi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho kisisahauliwe. Saa za Komoro ni zilezile za Afrika Mashariki.

Majira hufuata pepo mbili ambazo kila mtu wa pwani anazijua. Kaskazi, tangu Novemba hadi Aprili, huleta joto, unyevu na mvua nyingi, na mara chache kimbunga, kama kile cha Kenneth kilichopita kaskazini mwa Ngazija Aprili 2019. Kusi, tangu Mei hadi Oktoba, ni ukavu na hewa ya kupumua. Wengi huchagua kusi, na hawakosei, ila wajue kwamba upepo wake huichafua bahari na safari za boti huahirishwa.

Kusi pia ndiyo majira ya harusi. Mwezi Julai na Agosti Wakomoro wanaoishi Ufaransa hurudi kwa maelfu kuoa na kuolewa, na hasa kutimiza anda, ile harusi kuu ambayo mwanamume wa Ngazija huiwekea akiba miaka mingi ili ahesabiwe miongoni mwa wakubwa wa mji. Tiketi za ndege hupanda bei, vyumba hujaa, magari ya kukodi hayapatikani. Anayetaka utulivu asije miezi hiyo. Anayetaka kuiona Komoro ikiwa imevaa dhahabu yake yote, twarab likirindima uwanjani hadi usiku wa manane, aje wakati huohuo na aweke nafasi mapema. Mgeni mwenye adabu mara nyingi hukaribishwa, na hupaswa kuvaa nadhifu na kukaa pale anapoonyeshwa, kwa kuwa katika bangwe, baraza kuu la mji, kila nafasi ina mwenyewe kwa cheo na umri.

Fedha ni franki ya Komoro, iliyofungwa kwa yuro: yuro moja ni karibu franki 492, leo na kesho. Hesabu ni rahisi. Tabu ni kuzipata. Mashine za kutolea pesa ziko chache, nyingi zikiwa Moroni, na kadi hupokelewa katika hoteli chache tu. Miongoni mwa benki zilizopo ni Exim, tawi la benki ya Tanzania. Shilingi zibadilishwe kuwa yuro kabla ya kuondoka Dar es Salaam au Nairobi, na yeyote anayekwenda Nzwani au Mwali abebe franki za kumtosha tangu Moroni. Kukwama Mwali bila pesa ni kukwama kweli.

Laini ya simu hupatikana kwa Comores Telecom au Yas, kampuni ya kundi lilelile linalotoa huduma kwa jina hilo Tanzania. Intaneti inatosha mijini na hulegea vijijini. Umeme hukatika mara kwa mara, basi pawabenki na tochi ni vitu vya lazima. Soketi ni za Kifaransa, za pini mbili za mviringo, kwa hiyo plagi ya Tanzania, Kenya au Uganda inahitaji adapta.

Lugha za serikali ni Kikomoro, Kifaransa na Kiarabu. Kikomoro ni ndugu wa Kiswahili, lakini anayedhani ataelewa kila kitu siku ya kwanza atashangaa. Hata hivyo wafanyabiashara na wanafunzi wengi wamewahi kuishi Dar es Salaam au Zanzibar, na katika soko la Volo Volo, Moroni, hakuchukui muda kumpata mtu wa kusema naye Kiswahili. Kifaransa ndicho cha ofisini.

Ngazija ni kisiwa cha volkano, na hilo huonekana tangu uwanja wa ndege: barabara hukata mawe meusi yaliyoganda pale yalipomwagika. Mawe hayo yana vitundu, maji ya mvua hupotelea chini, ndiyo maana kisiwa kikubwa kuliko vyote hakina hata mto mmoja. Watu huishi kwa mabirika ya maji ya mvua. Mgeni atakayeona ndoo na kata bafuni pasipo bomba aelewe kwamba maji yale yamewekwa kwa hesabu, na ayatumie hivyo. Ya kunywa ni ya chupa au yaliyochemshwa.

Mji wa kale wa Moroni hutembelewa kwa miguu. Msikiti wa Ijumaa wa Badjanani, mweupe, wenye matao yanayotazama bandari, una sehemu ya tangu mwaka 1427. Asiye Mwislamu huomba idhini kabla ya kuingia. Katika makumbusho ya taifa amehifadhiwa gombessa, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka zamani za kale hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, kisha Nzwani mwaka 1952, ilhali wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote. Kusini kidogo ni Iconi, na kaskazini ni ufuo wa Itsandra. Barabara ya kaskazini hufikisha hadi Ziwa Niamawi, ziwa la maji ya chumvi ndani ya kasoko, hatua chache kutoka baharini.

Kupanda Karthala, mlima wa mita 2,361 ambao bado unaishi, ni safari ya siku mbili kwa wengi, kwa kulala hemani karibu na kilele. Maji yote hubebwa kutoka chini. Kiongozi wa mlima si wa kubahatisha, kwani ukungu hushuka ghafla na njia hupotea. Mlima ulilipuka mara kadhaa kati ya 2005 na 2007, na jivu la Novemba 2005 liliharibu maji ya mabirika vijijini. Habari za hali yake ziulizwe Moroni kabla ya kuanza.

Kwenda visiwa vingine kuna ndege ndogo na meli za abiria. Kutoka Chindini, kusini mwa Ngazija, boti za faiba huvuka hadi Hoani, Mwali. Ni nafuu na haraka, ila bahari ile ni wazi: boti iliyojaa kupita kiasi au isiyo na majaketi ya kuokolea iachwe iende. Nchi kavu, teksi huchukua abiria wanaofuata njia moja na kila mtu hulipia kiti chake. Magari hupita kulia, kinyume na ilivyo Tanzania na Kenya, jambo linalotaka uangalifu hata wakati wa kuvuka barabara kwa miguu.

Nzwani ina milima, mito na mashamba yaliyoning'inia kwenye miteremko. Mutsamudu, bandari yake, ina mitaa myembamba kiasi cha mabega kugusa kuta, na wanawake waliojitanda shiromani. Ufuo wa Moya na mji wa kale wa Domoni havikosi kufikiwa. Kinachostahili asubuhi nzima ni kiwanda cha mafuta ya langilangi. Maua huchumwa alfajiri, hutiwa katika pipa kubwa na maji, moto wa kuni ukawashwa chini. Mvuke hupita kwenye bomba lililopozwa na mafuta hudondoka taratibu kwa saa nyingi, yale ya mwanzo yakiwa ndiyo ya thamani kubwa. Kuni hizo zimekwangua misitu ya kisiwa, misitu ambayo ndiyo makao ya popo mkubwa wa Livingstone, asiyepatikana nje ya Nzwani na Mwali.

Mwali ni kidogo na kimya, na kwa wengi ndicho kisiwa cha kupenda. Eneo lake la bahari limehifadhiwa tangu 2001 kwa ushirikiano na vijiji. Nioumachoua ina visiwa vidogo vya kuzungukia kwa boti, na nyangumi huonekana tangu Julai hadi Oktoba. Katika kijiji cha Itsamia, kasa hupanda ufukweni usiku kutaga. Mgeni hufuatana na mwenyeji, huzima taa na simu, na hakai mbele ya kasa hadi amalize kufukia mayai.

Malaria ipo, hasa Ngazija, ambako mabirika huzalisha mbu. Dawa ya kinga na chandarua ni vya lazima. Hospitali zina uwezo mdogo, na wagonjwa mahututi husafirishwa nje, kwa hiyo bima ilipe pia usafiri wa ndege.

Nchi ni ya Kiislamu. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Kunywa pombe hadharani hakuvumiliwi, na kuhubiri dini nyingine ni kosa kisheria. Mchana wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa. Mwanamke aliyepaka liwa usoni asipigwe picha bila kuombwa. Mgeni akikaribishwa wali wa nazi na mataba, yaani kisamvu, hula kwa mkono wa kulia.

Anayemalizia safari Nzwani au Mwali arudi Ngazija siku mbili kabla ya ndege ya kimataifa, kwa kuwa boti na ndege ndogo huahirishwa bila taarifa ndefu.