Vidokezo 8 vya Kupiga Picha Kanisa Kuu la Mkunazini

Kanisa Kuu la Kristo, lililoko Mkunazini, Zanzibar, lilijengwa palipokuwa na soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, ujenzi ukaanza mwaka huohuo, na Askofu Edward Steere ndiye aliyeusimamia. Hapa picha nzuri hutegemea kukijua unachokipiga.

1. Zunguka kwanza, kamera ikiwa mfukoni. Msikilize mwongoza watalii. Ukishajua habari ya kila kona, utajua pia usimame wapi.

2. Nje, nenda asubuhi au alasiri. Kuta ni za mawe ya matumbawe. Jua la pembeni huonyesha ukwaru wake na kuyakoza matao yaliyochongoka, ambamo ujenzi wa Kigothi umekutana na wa Kiarabu. Jua la utosi hufuta yote hayo.

3. Mnara usiupigie chini yake. Utaonekana umelala kinyumenyume. Rudi nyuma kadiri uwezavyo, ushike simu wima.

4. Tafuta nguzo zilizopinduliwa. Ziko upande wa nyuma, ndani. Husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini askofu akiwa safarini. Piga nguzo nzima, kitako hadi kichwa. Ukikata ncha moja, hakuna atakayeliona jambo lenyewe.

5. Zima flashi. Huua vivuli, na vivuli ndivyo vinavyolipa umbo dari la upinde. Egemea ukuta, bana viwiko ubavuni, piga taratibu.

6. Kwenye vioo vya rangi, gusa skrini pale penye mwanga. Simu itapunguza mwanga na rangi zitatokea zilivyo. Ukuta ukiingia giza, uache.

7. Yape nafasi yanayouma. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe, alama ya mahali ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Karibu yake upo msalaba wa mbao za mti wa Chitambo, Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone. Uani kuna sanamu zilizotengenezwa na msanii Clara Sörnäs mwaka 1998: watu watano shimoni, mnyororo shingoni. Inama hadi usawa wa nyuso zao. Usijipige picha ukicheka mbele yao. Na ibada ikianza, weka kamera chini; hili ni kanisa la watu wanaosali.

8. Andika maelezo siku hiyohiyo. Taja kitu, mahali na habari yake. Bila maneno hayo, duara lile mbele ya madhabahu litaonekana kuwa sakafu tu, na atakayeipokea picha yako hatajua ni nani walioteswa pale.