ADABU ZA KUTEMBELEA ZIWA



Ukisimama vilimani Bweranyange, Karagwe, unaliona Ziwa Rwakajunju chini yako. Mwaka 1861 Mwingereza John Speke alifika hapa kwa Mfalme Rumanyika, akaliita Windermere, jina la ziwa la kwao. Lakini lilikuwa na jina lake, na Waislamu walishatangulia: wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa na kituo chao Kafuro, jirani na hapo.

Tulipolitembelea tulishuka taratibu, tukafuata ukingo nyuma ya mwenyeji wetu. Mmoja wetu akataka kujisaidia karibu na maji. Mwenyeji akamzuia, akatuonyesha akina mama wakichota maji upande wa pili. Sote tuliona haya, kwani darasani tulikwisha kuhifadhi kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama.

Katazo hili lina faida hata kwa afya. Mayai ya kichocho hutoka katika haja ya mgonjwa. Yakifika majini, vijidudu vyake hukua ndani ya konokono, kisha hupenya ngozi ya anayeoga au kuchota maji.

Basi tunapotembea ziwani:
1. Tujisaidie mbali na maji.
2. Takataka zetu turudi nazo.
3. Tumfuate mwenyeji.
4. Tusali kwa wakati.

Kuhifadhi hadithi ni kheri, na kuifanyia kazi ndiko kunakotakiwa.