Barabara ya Mtaa: Mchango wa Sawa kwa Sawa Unamwonea Nani?

Katika miji ya Tanzania, wakazi wengi hawasubiri zamu yao ifike kwenye orodha ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kusimamia barabara za mijini na vijijini. Hukutana, wakakubaliana kumwaga kifusi, kujenga kalavati au kutandaza lami, kisha gharama inagawanywa kwa idadi ya mageti. Hesabu hiyo ni nyepesi, na wanaoipanga kwa kawaida wana nia njema. Lakini inamtoza mjane mwenye vyumba viwili sawasawa na mwenye ghala ambalo malori yake ndiyo yaliyoichimba barabara. Mchango wa haki hufuata manufaa ambayo kila kiwanja kinapata, na mwananchi ana kila sababu ya kudai hivyo kabla ya kutoa hata shilingi.

Msingi wa kisheria uko wazi. Ibara ya 138 ya Katiba inakataza kodi ya aina yoyote isiyotokana na sheria iliyotungwa na Bunge au utaratibu uliowekwa kisheria. Mjini, sheria ndogo hutungwa na halmashauri. Serikali ya mtaa haina mamlaka hayo. Kwa hiyo azimio la mkutano wa mtaa, hata likipigiwa makofi na wote waliohudhuria, ni makubaliano ya hiari. Halimgeuzi jirani aliyekataa kuwa mdaiwa, wala halimpi mwenyekiti ruhusa ya kumfungia njia au kumnyima barua ya utambulisho. Mchango ukiwa wa hiari, kinachowafanya watu walipe ni kuamini kwamba hesabu haikumpendelea mtu.

Mataifa yaliyoweka malipo haya kwenye sheria yalilazimika kulijibu swali hilohilo la nani alipe kiasi gani. Uingereza, Sheria ya Barabara Kuu ya mwaka 1980 inaanza na urefu wa mpaka wa kiwanja unaopakana na barabara, ila inairuhusu halmashauri kuangalia nani ananufaika zaidi na nani kidogo, na mwenye mali ana mwezi mmoja wa kupinga. Marekani, kijiji cha Norwood, Ohio, kilipitisha barabara kwenye ardhi ya Ellen Baker kisha kikamtwika gharama yote, pamoja na fidia aliyolipwa yeye mwenyewe. Mwaka 1898 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema kutoza kwa kiasi kinachozidi mno manufaa ni kutwaa mali bila fidia. Ni kweli kwamba mwaka 1901 mahakama hiyohiyo iliruhusu kipimo cha urefu wa mpaka peke yake. Kwa maoni yangu kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu mita kumi za nyumba ya kuishi na mita kumi za ghala haziiumizi barabara kwa kiasi kimoja.

Watasema manufaa hayapimiki. Tuchukue mfano wa kazi ya shilingi milioni 12 na viwanja 20. Kwa sawa kwa sawa, kila mmoja atatoa 600,000. Sasa tugawe nusu ya gharama sawasawa, yaani 300,000 kila kiwanja, na nusu ya pili kwa matumizi: nyumba 16 za kuishi zihesabiwe fungu moja kila moja, viwanja vitatu vyenye fremu za biashara mafungu mawili kila kimoja, na ghala mafungu manane. Jumla ni mafungu 30, kila fungu 200,000. Nyumba ya kuishi italipa 500,000, mwenye fremu 700,000, mwenye ghala 1,900,000. Daftari na kalamu vinatosha kwa kazi hiyo. Mafungu yenyewe yanaweza kubishaniwa mkutanoni, na yabishaniwe, maana hapo ndipo mwenye ghala atakapojieleza mbele ya majirani zake.

Pingamizi zito zaidi ni la yule anayekataa kulipa kisha anapita juu ya lami ya wenzake. Inauma. Hata hivyo barabara ya mtaa ni ya umma. Mtaa unaotaka nguvu ya kulazimisha uipeleke hoja yake halmashauri ili itungiwe sheria ndogo, yenye kiwango kilichoandikwa na nafasi ya kupinga. Na mpangaji asibebeshwe mzigo huu kama mkataba wake hausemi hivyo: barabara ikipendeza, thamani inayopanda ni ya mwenye nyumba. Kabla ya kulipa, omba kuona makadirio ya fundi, kibali cha TARURA na muhtasari wa mkutano. Ukishalipa, dai stakabadhi yenye jina lako.