Sakafu ya Kibanda cha Kukamulia

Ndugu mkulima, jioni ng'ombe wakiisha kutoka, chukua taa uingie katika kibanda cha kukamulia uitazame sakafu. Pale wanaposimama ng'ombe, na pale mnapoweka mikebe, huenda ukaona simiti imelika, kokoto zimejitokeza, na vishimo vimejaa maji meupe yenye harufu. Vijidudu huzaana humo usiku kucha. Asubuhi ng'ombe akikanyaga pale, uchafu huruka mpaka kwenye chuchu na ndoo, na maziwa uliyoamka saa kumi usiku kuyakamua hukataliwa na chama.

Wengi hulaumu kwato. Kwato zina makosa yao, lakini adui mkubwa ni maziwa yenyewe. Maziwa yaliyomwagika yakichacha huwa na asidi, na asidi hiyo hula ile chokaa ya simiti inayoshika mchanga na kokoto pamoja. Ikiwa kibanda chako ni kimoja cha vile vilivyoachwa katika mashamba makubwa yaliyogawanywa tangu Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka wa 1962, fikiri ni maziwa kiasi gani yamemwagika hapo.

Katika kutengeneza, kosa kubwa ni kukoroga simiti nyepesi na kuipaka juu ya sakafu chafu, kama mtu apakaye siagi kwenye mkate. Haikai, itabanduka vipande vipande. Simiti mpya haishikani na mafuta ya maziwa wala mavi ya ng'ombe, na ikiwa nyembamba huvunjika.

Chukua patasi na nyundo, ukate palipoharibika mpaka ufikie simiti ngumu inayolia ukiigonga, kwenda chini si pungufu ya sentimita 2 na nusu. Kingo zisimame wima. Sugua kwa burashi ya waya, osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza vizuri, kisha acha shimo limejaa maji usiku kucha. Asubuhi yatoe yote. Pawe na unyevu tu, pasiwe na dimbwi.

Changanya karai 1 la simiti na makarai 3 ya mchanga safi wa mtoni. Shimo likizidi sentimita 5, tumia simiti 1, mchanga 2 na kokoto ndogo 3. Usitie maji mengi ati kazi iwe rahisi, maana simiti ya maji mengi ni dhaifu. Finyanga tonge mkononi: likishikamana na kukuachia unyevu kiganjani, yatosha, likichuruzika, umezidisha. Paka shimoni uji mzito wa simiti na maji, na kabla haujakauka jaza mchanganyiko wako, ukishindilia sana pembeni. Malizia kwa ubao, si kwa mwiko wa chuma, kwa sababu ng'ombe huteleza kwenye sakafu laini. Wala usinyunyize simiti kavu juu ili inyonye maji. Ngozi ile itageuka vumbi.

Sasa subira. Simiti haiwi ngumu kwa kukauka, bali kwa kunywa maji. Ifunike kwa magunia, uyaloweshe asubuhi na jioni kwa siku 7. Penye baridi kali ya usiku, kama Kinangop, tandika nyasi kavu juu ya magunia na uongeze siku kadhaa. Siku ya pili itaonekana ngumu, na watoto watakuuliza kwa nini mnakamulia nje katika matope. Usiwasikilize!

Ng'ombe wakirudi, maziwa yakimwagika yasukume kwa maji baridi papo hapo, kabla ya maji ya moto na sabuni. Chini ya mikebe weka ubao, na msiiburute. Kama maji yanatuama, mwambie mwashi akupe mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mfereji. Na mwenye kushika simiti avae glavu, au anawe mara kwa mara, kwani huunguza ngozi.