Sanaa za Maonyesho: Jiji Linaponuswa

Ukiulizwa vipengele vya sanaa za maonyesho, bila shaka utavitaja: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Kuvitaja si kazi. Kazi huanza mtahini anapoleta mfano usioujua na kukutaka uvitumie. Tujaribu mmoja wa mbali kidogo.

Kate McLean, msanii wa Uingereza, huandaa matembezi ya kunusa. Watu hutembea mitaani polepole, kimya, kila mmoja na karatasi yake. Akisikia harufu huandika ni ya nini, ameisikia wapi, ina nguvu kiasi gani, na kama imempendeza au imemchukiza. Mwaka 2013 watu 44 waliunusa hivyo mji wa Amsterdam, Uholanzi. Katika siku 4 waliorodhesha harufu zipatazo 650: vitafunwa vitamu vya kuokwa, samaki, vitabu vya kale, maji ya mifereji. Kutokana na orodha hiyo McLean alichora ramani ya harufu za mji.

Sasa tumia vipengele vyako. Dhana ni sura ya mji kama pua inavyoijua. Uwanja ni mtaa wenyewe. Hakuna jukwaa wala pazia. Mtendaji je? Hapa ndipo alama zinapopotea. Ukijibu "McLean" na kuishia hapo, umewasahau watu 44. Ukisema hakuna watazamaji, umekosea pia. Washiriki ni watendaji na hadhira kwa wakati mmoja, kama katika ngoma pale mtazamaji anapoitikia wimbo na hatimaye kuingia uwanjani kucheza. Na mpita njia anayemshangaa mtu mzima aliyeinama kunusa ukuta? Naye ni mtazamaji, ingawa hakualikwa.

Wapo watakaodai kuwa huu ni utafiti tu, si sanaa, kwa kuwa hakuna anayeigiza. Unaweza kuutetea msimamo huo kwenye mtihani na ukapata alama, mradi utoe sababu. Mimi nauona dhaifu: kutembea kimya kwa utaratibu uliopangwa, mbele za watu, tayari ni utendaji.

Angalia pia lugha yako. Kiswahili kina utajiri wa maneno ya harufu, lakini watahiniwa huandika "harufu nzuri" na "harufu mbaya" ukurasa mzima. Udi *unanukia*, mtaro wa maji taka *unanuka*. Ukiandika "maua yananuka" umeyatukana. Ukifika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, unachokisikia ni *shombo*. Samaki akioza ndipo useme *uvundo*. Jasho la kwapani ni *kikwapa*.

Zoezi

1. Ukiwa na wenzako wanne, tembeeni kimya kwa dakika 15 kutoka lango la shule hadi soko au kituo cha basi kilicho karibu. Kila mmoja aandike harufu tano. Kisha tungeni igizo fupi litakalowafanya wanafunzi wenzenu waitambue njia mliyopita, bila kutaja jina la mahali wala neno "harufu".

2. "Katika sanaa za maonyesho, mtendaji na mtazamaji ni watu wawili tofauti." Jadili kauli hii kwa kutumia zoezi la 1 na aina moja ya ngoma unayoifahamu. (Alama 15)