Mgeni Aliyepewa Jembe

Mwanafunzi atokaye Gerezani, akapita Mnazi Mmoja na kushika njia iendayo baharini, ataliona jumba la Karimjee karibu na bustani ya miti. Zamani wajumbe wa nchi walikutana katika jumba hilo kutunga sheria. Leo tutasoma habari za mmoja wao, Mzungu aliyekuja kulima. Jina lake Derek Bryceson.

Bryceson alizaliwa mwaka 1922 katika nchi ya China, na wazazi wake walikuwa Waingereza. Katika Vita vya Pili vya Dunia alikuwa rubani. Siku moja ndege yake ilianguka, naye akaumia vibaya, hata waganga wakasema kwamba hatatembea tena. Lakini kijana yule hakukata tamaa. Alijizoeza hatua kwa hatua, mpaka akaweza kwenda kwa fimbo.

Vita vilipokwisha alisoma Cambridge, kisha mwaka 1947 akaja Kenya kulima. Mwaka 1952 akahamia Tanganyika, akapata shamba la ngano chini ya mlima Kilimanjaro.

Siku zile habari ya ardhi ilikuwa kidonda kwa watu wa kaskazini. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru kwa nguvu huko Engare Nanyuki, ili nchi ile wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York, akayaeleza mashtaka ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Basi, Mwafrika angewezaje kumwamini Mzungu mwenye shamba?

Tena palikuwa na jambo la pili lililowachukiza watu. Serikali ilipotangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, iliamuru kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, na Mzungu mmoja. Na mpiga kura sharti awe na pato la paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya kutosha, au cheo. Waafrika walikuwa wengi kabisa, lakini viti viligawanywa sawasawa kwa rangi tatu.

Mwezi wa Januari 1958 chama cha TANU kilikutana Tabora kulifanyia shauri jambo hilo. Wengi walitaka kuususia uchaguzi. Julius Nyerere aliwasihi waingie, maana wakisusa viti vitachukuliwa na wapinzani wao. Shauri lake likashinda. Lakini Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka akaanzisha chama chake.

Ndipo TANU ikatafuta Wazungu na Waasia waliokubali kwamba nchi ijitawale, na watu wote wawe sawa. Katika Jimbo la Kaskazini iliwaunga mkono watatu: Solomon Eliufoo, Mwafrika; Sophia Mustafa, mwanamke ambaye asili yake ni Bara Hindi; na Bryceson, yule mkulima wa ngano. Wote watatu wakaingia Barazani.

Nyerere alipounda serikali mwaka 1960, Bryceson alikuwa miongoni mwa mawaziri wake. Mwaka 1961, mwezi wa Oktoba, Bunge lilijadili sheria ya uraia. Wajumbe wengine walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alikataa katakata kuupima uraia kwa rangi ya mtu, akasema kwamba Bunge likiikataa sheria ile, yeye na serikali yake watajiuzulu. Sheria ikapita, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru.

Baadaye Bryceson alipewa kazi aliyoijua, yaani kusimamia kilimo cha nchi nzima.

Sasa fikirini jambo hili. Mwaka 1958 sheria ilimlazimisha kila mpiga kura amchague Mzungu mmoja. Mwaka 1965 sheria hiyo ilikuwa imekwisha kuondolewa. Wagombea wawili walisimama katika jimbo, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Bryceson alisimama hapa Dar es Salaam, katika mji wa Waafrika wengi, wala hapakuwa na mtu aliyelazimishwa kumpa kura. Hata hivyo akashinda. Kura ya kwanza aliipata kwa msaada wa sheria na wa chama. Kura hii aliipata kwa kazi yake.

Mwaka 1972 aliacha uwaziri, akawa mkuu wa hifadhi za wanyama za taifa. Mwaka 1975 alimwoa Jane Goodall, yule bibi aliyejulikana duniani kote kwa kuchunguza maisha ya sokwe wa Gombe. Bryceson alikufa mwaka 1980.

Wazee wetu husema, “Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe.” Maana yake, mgeni asiwe mgeni daima, apewe kazi pamoja na wenyeji, naye aifanye.

MASWALI
1. Kwa nini ilikuwa vigumu kwa watu wa kaskazini kumwamini Mzungu mwenye shamba?
2. Kura tatu ni nini? Kwa nini TANU ilikubali kuingia katika uchaguzi ule?
3. Uchaguzi wa 1965 ulitofautianaje na ule wa 1958?
4. Eleza jinsi methali ya jembe inavyofaa kwa habari hii.