Mmisionari Akirudi Nyumbani: Mwaka wa Kwanza Baada ya Ibada ya Shukrani

Siku ya kumpokea mmisionari haitupi shida. Kwaya imeshajipanga, sare za kitenge zimeshonwa, wazee wa kanisa wamekwenda uwanja wa ndege na basi la kukodi, na kamati ya mapokezi imemaliza hesabu ya mchele na nyama. Jumapili kuna ibada ya shukrani. Aliyerudi anapewa dakika kumi na tano aeleze habari za huko alikotoka, akina mama wanamvisha kitenge kipya, vigelegele vinapigwa, picha zinapigwa. Jumatatu kila mtu anashika njia yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa mmisionari tunaifuata methali hiyo bila kupunguza neno: wiki ya pili barua ya kumpangia usharika iko mezani kwake.

Makala haya yanahusu mwaka unaokuja baada ya hapo. Ndio mwaka ambao hautengewi bajeti wala kamati, na ndio unaowavunja watu.

Tukisema mmisionari, wengi bado wanamwona Mzungu mwenye ndevu na kofia. Picha hiyo imepitwa na wakati. Shirika la Mitume wa Yesu lilianzishwa Moroto, Uganda, mwaka 1968, kwa ajili ya kuwaandaa Waafrika wenyewe kuwa wamisionari. Umoja wa kimisioni wa UEM (United Evangelical Mission), wenye makao yake Wuppertal, Ujerumani, tangu mwaka 1996 ni umoja wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani yenye sauti sawa. Kwa njia kama hizo wachungaji wa kwetu, wakiwemo wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), wamekwenda kutumika Ulaya kwa miaka mingi pamoja na familia zao. Wengine wamevuka mpaka tu, wakaenda Msumbiji, Malawi au Kongo. Hao wote siku moja hurudi.

Anza kabla ya kufunga mizigo

Mmisionari, kama unasoma haya ukiwa bado huko, jipe miezi sita ya maandalizi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuondoka bila karatasi zake za pensheni. Ukishapanda ndege, kufuatilia ofisi ya nchi nyingine kwa barua pepe ni mateso.

Chukua Ujerumani. Aliyechangia mfuko wa pensheni wa serikali kwa miezi 60 au zaidi anayo haki ya pensheni akifikia umri wa kustaafu, hata akiwa anaishi Bukoba. Aliyechangia pungufu ya hapo, na nchi yake haina mkataba wa hifadhi ya jamii na Ujerumani, anaweza kuomba arudishiwe sehemu aliyochangia yeye mwenyewe, lakini lazima miezi 24 ipite kwanza tangu aache kuchangia. Kwa hiyo mtu aliyerudi leo atajaza fomu miaka miwili kutoka sasa, na atahitaji namba yake ya bima, uthibitisho wa michango na anwani ya ofisi husika. Weka nakala tatu: moja yako, moja ya mwenzi wako, moja ya ofisi iliyokutuma. Nchi nyingine zina taratibu zake, basi uliza kwa maandishi na udai jibu kwa maandishi.

Beba pia vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ripoti zao za shule za kila mwaka, kadi za chanjo, na faili la hospitali la kila mmoja. Vitu vya nyumbani unavyotaka kusafirisha kwa meli viorodheshe kimoja kimoja, na uulize forodha masharti ya msamaha wa ushuru kabla kontena halijafungwa. Gari hasa lina masharti yake ya muda wa umiliki na umri, na wapo waliolia bandarini.

Ukifika Tanzania, tafuta namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) mapema kama huna, kwa sababu laini ya simu husajiliwa kwa namba hiyo na alama za vidole, na bila laini huna fedha za simu, na bila fedha za simu huwezi hata kulipa umeme. Aliyerudi Kenya ajisajili SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Usisubiri uugue.

Kuhusu kiwanja, nina neno moja tu: usinunue kwa simu. Subiri urudi, ukione kwa macho, uongee na majirani na serikali ya mtaa, ndipo ulipe.

Mwili husahau malaria

Hili watu hulichukulia kwa wepesi, nalo huua. Aliyekulia Tanga au Kisumu alijenga kinga fulani kwa kuugua malaria mara kwa mara tangu utotoni. Kinga hiyo haimzuii mtu kuambukizwa, humpunguzia makali. Akikaa Ulaya miaka mingi bila kuumwa na mbu mwenye vimelea, kinga inafifia. Yeye moyoni bado ni mtoto wa Tanga aliyezoea homa, lakini damu yake sasa inafanana na ya mtalii. Uingereza, kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya wagonjwa wa malaria wanaopatikana huko wamekuwa watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kusalimia ndugu zao na kurudi nayo.

Kwa hiyo familia iliyorudi ilale ndani ya chandarua kuanzia usiku wa kwanza, hata kama mjomba anacheka. Homa ikimpata yeyote, apimwe siku hiyo hiyo. Kumeza panadol na kungoja kesho ni hatari. Watoto waliozaliwa nje hawana kinga hata chembe, na kwao malaria huweza kuwa kali ndani ya siku moja au mbili. Kipimo kikionyesha vimelea, dawa mseto imezwe mpaka dozi iishe.

Aliyetumika India, Ethiopia au Papua New Guinea ana jambo lingine la kujua. Huko kuna malaria ya aina ya vivax, ambayo hujificha kwenye ini na kuibuka tena baada ya miezi. Baadhi ya vipimo vya haraka vinavyotumika kwetu havikuandaliwa kuiona. Ukipata homa, mwambie daktari ulikotoka na lini uliondoka, kabla hata hajauliza.

Huzuni inayokuja kwa kuchelewa

Mwaka 1963 watafiti wawili wa Marekani, John na Jeanne Gullahorn, waliandika kwamba mtu anayerudi kwao hupitia upya mabonde yale yale aliyopitia alipofika ugenini: furaha kwanza, kisha kushuka, kisha kupanda taratibu. Ukiongea na waliorudi utasikia hivyo hivyo. Wiki za mwanzo ni sherehe. Kisha, vigelegele vikishazimika, mtu anajikuta hana hamu ya kwenda mahali popote.

Sababu yake ni kwamba nyumbani alikokuwa anakukumbuka hakupo tena. Wazee waliomwombea safari wamelala makaburini. Rafiki aliyesoma naye chuo cha theolojia sasa ni mkuu wa jimbo, na hana nafasi. Yeye mwenyewe amebadilika: anafika kikaoni saa mbili kamili na kukaa peke yake hadi saa tatu na nusu, anasalimia kwa kifupi, na watu wananong'ona kwamba amejaa uzungu. Akisema huko alikotumika ibada ilikuwa na watu kumi na wawili, wote wazee, anaonekana alishindwa kazi. Hakuna anayeuliza ilikuwaje kuwazika wazee hao kumi na wawili mmoja baada ya mwingine.

Halafu kuna fedha. "Baba mchungaji, umetuletea nini?" huulizwa kwa tabasamu, lakini huulizwa kila siku. Ndugu wanaamini aliyetoka Ulaya ana akiba isiyokwisha, na ada za watoto wa ukoo mzima zinasubiri uamuzi wake. Ukweli ni kwamba posho nyingi za wamisionari ni za kutosha kuishi kule, nazo hukoma siku mkataba unapokoma. Nawasihi wakuu wa ukoo: kaeni naye mapema, mumsikilize hali yake, na ninyi ndio mseme mbele ya wengine kwamba huyu amerudi, tumpe nafasi. Neno hilo likitoka kwa baba mkubwa au shangazi lina uzito. Likitoka kwake mwenyewe litaitwa uchoyo.

Dayosisi nayo ina lake. Pamoja na ripoti ya kazi, ambayo ni ya ofisi, kila aliyerudi apewe kikao cha faragha cha kusikilizwa, saa mbili au tatu, na mtu ambaye si bosi wake na hatampangia kazi. Mume asikilizwe, mke asikilizwe peke yake. Wake wa wachungaji hasa huwa na mengi ambayo hayajawahi kuulizwa. Aliyetoka maeneo ya vita kama Kivu nchini Kongo, au Cabo Delgado nchini Msumbiji ambako mashambulizi yalianza Oktoba 2017, aone pia mshauri nasaha mwenye mafunzo. Mtu akikosa usingizi, akishtuka kwa kila mlango unaogongwa, akiota ndoto mbaya zile zile, na hali hiyo ikapita mwezi mmoja, apelekwe hospitali. Maombi yaendelee, na hospitali aende.

Mtoto hajarudi, amehama

Baba na mama wanasema tunarudi nyumbani. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliyezaliwa Wuppertal harudi popote; anahama. Anaacha marafiki, lugha anayoota nayo, na chumba chake.

Jambo hili lina umri mrefu. Mary Moffat alizaliwa mwaka 1821 Griquatown, kusini mwa Afrika, mtoto wa wamisionari. Aliolewa na David Livingstone, na mwaka 1852 mumewe akampandisha meli na watoto kwenda Uingereza, "nyumbani", ili yeye aendelee na safari zake. Mary aliishi huko miaka ya dhiki, akihama nyumba moja ya kupanga hadi nyingine, haelewani na wakwe, fedha hazitoshi. Watu walimshangilia Livingstone aliporudi mwaka 1856. Mke wake alikuwa amekwisha kuonja upande wa pili wa kurudi. Alifariki mwaka 1862 Shupanga, kando ya Zambezi, na huko ndiko alikozikwa.

Mtoto wenu asipate hayo. Mwambieni mapema, muage marafiki kwa utaratibu, na nyumbani Kiswahili kizungumzwe tangu mkiwa kule. Mkifika, msimcheke anapokosea ngeli. Mtoto aliyechekwa hunyamaza. Bibi na babu ndio walimu bora wa lugha, basi likizo moja akae nao kijijini akiwa na binamu zake.

Shule zipangwe miezi kadhaa kabla. Tanzania, ulinganifu wa vyeti vya sekondari vya nje hufanywa na Baraza la Mitihani (NECTA) na vya vyuo vikuu na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Aliyeondoka Kenya zamani atakuta KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, haipo tena; wa mwisho ulikuwa mwaka 2023, na mtaala ni wa umilisi. Mtoto mwenye uraia wa nchi mbili, Kenya inamruhusu tangu Katiba ya 2010. Tanzania inamtaka achague akifikisha miaka 18. Fahamuni hilo akiwa na miaka kumi, msije kulijulia ofisini uhamiaji.

Jembe litolewe lini?

Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alifika pwani ya Mombasa mwaka 1846 na hakukanyaga Ulaya tena mpaka 1875, miaka 29 baadaye, akiwa karibu kipofu. Alifia Korntal, Ujerumani, mwaka uliofuata. Siku zile mtu alitumika mpaka aishe. Sisi leo tunayo njia ya kufanya vizuri zaidi, na haihitaji utajiri.

Maoni yangu ni haya. Miezi mitatu ya kwanza asipangiwe usharika, na posho iendelee. Apimwe afya, akae na wazazi, azoee bei za sokoni. Baadaye apangiwe kazi inayotumia aliyojifunza. Mmisionari Lesslie Newbigin alirudi Uingereza mwaka 1974 baada ya miaka mingi India, akaiona nchi yake kwa macho mapya kuwa ni shamba la misioni kama lingine lolote, na mwaka 1980 akiwa mzee akashika uchungaji wa usharika mdogo wa Winson Green, Birmingham. Vitabu alivyoandika baada ya kurudi vimelifundisha kanisa la Ulaya kujitazama. Aliyerudi kwetu naye ameona kanisa likizeeka, ameona vijana wakiondoka, amejifunza kuhubiri pasipo umati. Mwiteni vyuo vya theolojia, mwiteni semina za vijana, mpeni zaidi ya dakika kumi na tano.

Na kamati ya mapokezi isivunjwe baada ya ibada ya shukrani. Ibaki na watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye kazi ya kwenda kunywa chai nyumbani kwake mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, na kuuliza mnaendeleaje. Wazee wangu, safari nyingine mkikaa kupanga mapokezi, andikeni tarehe hizo tatu kwenye daftari kabla hamjaanza kuhesabu mchele.